Tumbili wa Gitaru Ametufundisha Nini?

Tarehe 7 Juni, 2016, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha kufua umeme cha Gitaru, katika Mto Tana nchini Kenya. Kutoka hapo akaangukia transfoma, na transfoma ikazima. Mitambo mingine iliyokuwa ikifanya kazi kituoni hapo ikaelemewa na mzigo, nayo ikazima, na umeme wa megawati zaidi ya 180 ukatoweka mara moja. Kilichofuata ni nchi nzima kukosa umeme kwa muda wa saa tatu na zaidi. Tumbili mwenyewe alinusurika, akakabidhiwa kwa idara inayohusika na wanyamapori.

Watu wengi walicheka, na hapana ubaya kucheka. Lakini kicheko hicho kilifunika swali kubwa. Kituo cha Gitaru kilikuwa na ua wa umeme wa kuzuia wanyama. Hakikuwa kituo kilichoachwa bila ulinzi. Tena, megawati 180 zilikuwa zaidi kidogo tu ya sehemu moja ya kumi ya umeme ambao Kenya nzima iliuhitaji mwaka ule wakati wa matumizi makubwa kabisa. Basi kwa nini kupotea kwa sehemu moja ya kumi kulizizima sehemu zote kumi?

Swali hilo si la mafundi wa umeme peke yao. Ni swali la kila mtu aliyekabidhiwa sehemu ya kitu kikubwa chenye viungo vingi: Afisa Mifugo, Bwana Samaki, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mwalimu Mkuu, Katibu Tawala. Ndiyo sababu naomba ndugu zangu watumishi wa umma na walimu wanisikilize ninapolizungumza katika ukurasa huu.

Wavu na mafundo yake

Lugha yetu ina picha nzuri ya jambo hili. Wavu wa mvuvi ni nyuzi na mafundo. Fundo moja likishikwa na kuvutwa, nyuzi huupeleka mvuto huo kwa mafundo ya jirani, na hayo kwa mengine, hata wavu wote ukabadilika umbo. Mtu asiyejua jinsi wavu ulivyofumwa akivuta ovyo, ataukunja au ataupasua. Aujuaye, kwa mkono mmoja tu, aweza kuutandaza juu ya maji.

Gridi ya umeme ni wavu wa namna hiyo. Umeme unaopita katika waya haukai ukingoja mnunuzi kama mahindi ghalani. Kila sekunde, kiasi kinachofuliwa hakina budi kulingana na kiasi kinachotumiwa. Mitambo yote iliyoungwa katika gridi moja hutoa mkondo wenye mizunguko 50 kwa sekunde, ikienda pamoja kama watu wanaobeba jeneza kwa hatua moja. Mmoja akianguka, uzito wake hugawanyika kwa waliobaki, nao mwendo wao hupungua. Mwendo ukipungua mno, kila mtambo una kifaa cha kuulinda usiharibike, na kazi ya kifaa hicho ni kuutoa mtambo huo katika gridi. Hapo ndipo balaa huanza. Kila mtambo hujiokoa wenyewe, na gridi nzima hufa.

Tusidhani kwamba jambo hili huzipata nchi zetu tu. Tarehe 14 Agosti, 2003, watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme, baadhi yao kwa siku kadhaa. Chanzo kilikuwa katika jimbo la Ohio. Nyaya kubwa zilizobeba mzigo zililegea kwa joto, zikagusa miti ambayo haikuwa imepunguzwa matawi. Wakati huo huo programu ya kompyuta iliyopaswa kuwapigia kengele waangalizi wa gridi ilikuwa imekwama, nao hawakujua kuwa imekwama. Walikaa mbele ya vioo vilivyowaonyesha kwamba mambo ni shwari, huku waya mmoja baada ya mwingine ukikatika. Hatimaye vituo zaidi ya 250 vya kufua umeme vilizima. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Hapa yafaa kuongeza kwamba kamba hukatika vibaya zaidi pale ambapo mwenye kamba haoni palipo pabovu.

Nani aongozwe ili wote waongoke?

Wataalamu wa hesabu wamelishughulikia suala hili kwa muda mrefu. Mnamo mwaka 1960, Rudolf Kálmán, mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi Marekani, aliweka wazi maswali mawili ambayo tangu hapo hayajaachana. Swali la kwanza: je, chombo hiki, kwa usukani tulio nao, chaweza kupelekwa popote tunapotaka? Swali la pili: je, kwa vipimo tulivyo navyo, twaweza kuijua hali yake yote ya ndani? Waangalizi wa Ohio walishindwa kwanza katika swali la pili. Asiyeona hawezi kuongoza, hata akiwa na usukani mzuri namna gani.

Hesabu za Kálmán ziliwafaa sana wenye vyombo vya anga na viwanda, ambavyo viungo vyao vinahesabika. Lakini vipi kuhusu mitandao yenye maelfu ya mafundo, ambayo nguvu halisi ya kila uzi wake haijulikani? Mwezi Mei, 2011, wataalamu watatu, Yang-Yu Liu, Jean-Jacques Slotine na Albert-László Barabási, walitoa jibu katika jarida la Nature. Walionyesha kwamba ukiijua ramani ya nyuzi tu, yaani nani anamgusa nani, waweza kuhesabu idadi ndogo kabisa ya mafundo ambayo, ukiyashika hayo, unaweza kuuongoza mtandao wote. Wakaichunguza mitandao mingi halisi kwa njia hiyo: ya umeme, ya intaneti, ya chakula baina ya viumbe, ya chembe za urithi, na ya mahusiano ya watu.

Matokeo yao yaliwashangaza wengi. Wengi tungedhani kwamba fundo la kushika ni lile kubwa, lenye nyuzi nyingi kuliko yote. La hasha. Waliona kwamba mafundo ya uongozi aghalabu huyakwepa yale makubwa.

Sababu yake yaweza kuelezwa bila hesabu. Tuchukue mfano wa shule. Mwalimu Mkuu ana walimu kumi chini yake, na njia pekee aliyo nayo ni kubandika tangazo moja ubaoni. Walimu wote husoma tangazo lile lile. Mwalimu Mkuu aweza kuwasukuma wote kwa pamoja, lakini hawezi, kwa tangazo hilo moja, kumfanya huyu aelekee mashariki na yule aelekee magharibi. Akitaka kila mmoja afike mahali pake, atalazimika kuwaendea tisa kati yao mmoja mmoja. Kinyume cha hayo, lau walimu hao wangejipanga katika mstari, kila mmoja akipokea neno kwa aliye mbele na kulipeleka kwa aliye nyuma, mtu wa kwanza peke yake angetosha, kwa sababu maneno yangewafikia kwa zamu na kila neno lingeweza kupimwa. Ukubwa wa fundo, basi, si uwezo wa kuongoza. Fundo kubwa hutangaza, na kutangaza ni jambo jingine.

Naamini kila mtumishi aliyewahi kupokea waraka mmoja uliopelekwa kwa wilaya zote, za bara na za pwani, za wafugaji na za wavuvi, anaelewa vizuri hesabu hii pasipo kufundishwa.

Nadharia hii haikubaki katika karatasi. Yupo mnyoo mdogo, urefu wake yapata milimita moja, ambaye wataalamu humwita C. elegans. Ana neva 302 tu, na ramani ya jinsi neva hizo zinavyoungana ilichapishwa mwaka 1986. Mwaka 2017 watafiti waliitumia hesabu ya mafundo ya uongozi juu ya ramani hiyo, nayo ikawaambia kwamba neva moja iitwayo PDB, ambayo kazi yake katika mwendo wa mnyoo ilikuwa haijulikani, lazima ina mchango. Wakaiunguza neva hiyo kwa mwali wa leza. Kweli, namna ya mnyoo kujipinda wakati wa kugeuka ikabadilika. Hesabu iliona jambo ambalo macho yalikuwa hayajaliona.

Hata hivyo, yatupasa kusema ukweli wote. Wapo wataalamu waliopinga mara moja. Walisema kwamba mambo hugeuka kabisa ukizingatia kuwa kila fundo lina mwenendo wake wa ndani, si nyuzi tu. Wengine walionyesha kwamba mtandao waweza kuongozeka katika hesabu, lakini nguvu inayohitajika kuuongoza kwa mafundo machache ikawa kubwa kupita uwezo wowote wa binadamu. Mabishano hayo yanaendelea, na ni mabishano ya manufaa. Linalobaki pasipo kubishaniwa ni hili: ramani ya nyuzi ni ya lazima, na fundo linaloonekana zaidi silo lazima liwe fundo la kushika.

Serengeti na sotoka

Tukitaka kuliona jambo hili katika maumbile, hatuna haja ya kwenda mbali. Tutazame Serengeti.

Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika kwa ng'ombe walioletwa katika pembe ya bara hili mwishoni mwa miaka ya 1880. Baada ya muda mfupi ulifika kwetu, ukaangamiza mifugo ya Wamaasai na jamii nyingine nyingi, na njaa ikafuata. Ugonjwa huo uliwaua pia nyumbu na nyati. Kwa zaidi ya miaka 60 uliendelea kurudi, na katika Serengeti ukawa unaua ndama wa nyumbu mwaka hata mwaka.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ng'ombe wa maeneo yanayoizunguka Serengeti walichanjwa. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Lakini ilipofika mwaka 1963 hivi, sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu, kwa sababu kumbe walikuwa wakiipata kutoka kwa ng'ombe. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa yapata robo milioni. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni moja na robo.

Wavu ukaendelea kuvutika. Nyumbu wengi walikula majani mengi. Majani yalipopungua, moto wa kiangazi ulikosa kuni, na eneo lililoungua kila mwaka likawa dogo. Moto ulipopungua, miti michanga ikapata nafasi ya kukua. Simba na fisi wakapata mawindo zaidi. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba, kwa kurudi kwa miti, nchi ya Serengeti ambayo zamani ilikuwa ikitoa hewa ya ukaa angani, iligeuka ikawa inaihifadhi. Yote hayo yalitokana na sindano katika shingo ya ng'ombe wa mfugaji, nje ya mpaka wa hifadhi.

Je, lau mtaalamu angepewa kazi ya kuongeza miti ya Serengeti, angefikiria kuchanja ng'ombe? Pengine angepanda miche. Pengine angewaweka askari wa kuzima moto. Fundo la uongozi halikuwa mti, halikuwa moto, wala halikuwa nyumbu mwenyewe. Lilikuwa ng'ombe.

Lakini tusijisifu kwa hilo. Waliochanja walitaka kuokoa mifugo. Habari ya miti hawakuwa nayo. Katika Serengeti tulibahatika, na kubahatika si kuongoza.

Kuongoza hasa kulikuja baadaye, katika kuutokomeza ugonjwa wenyewe. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1976 ulifanyika mradi mkubwa wa kuchanja ng'ombe wa nchi 22 za Afrika. Ulitumia nguvu nyingi, ukakaribia kushinda, kisha ukakoma. Ugonjwa ulikuwa umesalia katika maficho machache, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulitoka huko ukaenea upya. Mwaka 1982 ulionekana tena hata kaskazini mwa Tanzania. Kampeni mpya iliyoanza katika miaka hiyo ya 1980 ilijifunza polepole kwamba kuwachanja ng'ombe wote kila mwaka si jibu. Jibu ni kujua mahali ambapo virusi hujificha, na mahali hapo palikuwa malisho ya wafugaji wa mbali, kama Karamoja, Sudan ya Kusini na nchi ya Waafar kule Ethiopia. Huko hapakuwa na barabara wala majokofu. Basi ikatengenezwa chanjo inayostahimili joto, na wafugaji wenyewe wakafundishwa kuchanja. Wao ndio walioijua ramani: ng'ombe wa nani hukutana na wa nani, kisima gani, mwezi gani.

Mara ya mwisho ugonjwa huo kuonekana duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Kenya. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka haipo tena. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia kutokomezwa na binadamu, baada ya ndui. Chanjo iliyofanya msingi wa kazi hiyo ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake kule Muguga, Kenya, na kazi ya mwisho ilikamilishwa kwa mikono ya wachungaji. Maabara peke yake haikutosha, na wachungaji peke yao wasingetosha.

Ziwa Victoria: wavu uliovutwa ovyo

Upande wa pili wa shilingi ni Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, samaki aina ya sangara alipandikizwa katika ziwa hilo. Hoja ilikuwa nyepesi na yenye nia njema: ziwa limejaa furu wadogo wasio na soko, tukileta samaki mkubwa atakayewala hao, tutapata minofu kwa watu.

Kwa miaka 20 hivi hakukuonekana jambo kubwa. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara wakafurika. Furu, ambao aina zao zilikuwa zaidi ya 500, na nyingi hazipatikani popote pengine duniani, wakaanguka. Yakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Furu hao walikuwa na kazi zao: wengine walikula miani, wengine konokono, wengine mabuu ya wadudu. Kazi hizo zikakosa wa kuzifanya. Dagaa wakaongezeka. Hata nchi kavu iliguswa. Furu aliweza kuanikwa juani. Sangara ana mafuta mengi, hakauki kwa jua, sharti abanikwe kwa moto, na kuni za kumbanika zikatoka katika miti ya kandokando ya ziwa.

Mtu mwadilifu hawezi kusema kwamba sangara hakuleta faida. Ameleta viwanda, ajira na fedha za kigeni, na familia nyingi za Mwanza, Mara na Kagera zimesomesha watoto kwa sangara. Lakini faida hiyo haikupatikana kwa kuongoza. Ilipatikana kwa kurusha jiwe gizani. Waliompandikiza hawakuwa na ramani ya nani anakula nani ziwani. Na wavu wa uhai una tabia moja mbaya: uzi ukikatika na aina ya kiumbe ikatoweka, hapana fundi wa kuuunga tena. Transfoma ya Gitaru iliwashwa baada ya saa tatu. Furu hawajarudi.

Tulipokata nyuzi zetu wenyewe

Nimezungumza juu ya umeme, wanyama na samaki. Lakini sisi watumishi mara nyingi zaidi tunashika nyavu za watu, na hapo pia historia yetu ina fundisho.

Mwaka 1972 halmashauri za serikali za mitaa zilivunjwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa pia, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao. Nia ilikuwa kuleta maendeleo kwa haraka kwa kuongoza kutoka mahali pamoja. Katika lugha ya makala haya, tuliondoa mafundo ya kati na kuunga kila kijiji na fundo moja kubwa. Fundo hilo likatangaza. Lakini kama yule Mwalimu Mkuu na ubao wake, halikuweza kumpa kila mmoja neno lake, na habari za vijijini hazikuwa na njia fupi ya kurudi juu. Sheria za mwaka 1982 zilivirejesha vyama vya ushirika na serikali za mitaa. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, alikiri hadharani kwamba kuyavunja mambo hayo mawili kulikuwa kosa, na kwamba lau angeanza upya asingelirudia. Kukiri huko ni sehemu ya urithi wake. Kiongozi aliyeuvuta wavu, akaona unapasuka, akasema unapasuka, ametufundisha zaidi ya yule asiyewahi kuvuta.

Yatupasayo sasa

Kwa nini tuyazungumze haya leo? Kwa sababu nyavu zetu zinakua. Bwawa la Julius Nyerere, katika Mto Rufiji, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Ni fahari ya Taifa, nasi tuna haki ya kujivunia. Lakini msomaji na azingatie hesabu hii: mtambo mmoja tu wa bwawa hilo una uwezo unaozidi umeme wote uliopotea kwa kuanguka kwa tumbili wa Gitaru. Tena, mwishoni mwa mwaka 2024 gridi yetu iliunganishwa na ya Kenya kwa njia ya kilovolti 400 itokayo Isinya hadi Singida. Kuunganishwa ni nguvu, kwani jirani aweza kumkopesha jirani wakati wa ukame. Kuunganishwa ni hatari pia, kwani hitilafu ya jirani yaweza kupita katika waya ule ule uliopitisha msaada. Faida na hatari husafiri katika uzi mmoja. Anayetuahidi moja bila kutaja nyingine hatuambii kweli.

Basi yako mambo matatu yaliyo katika uwezo wetu.

La kwanza ni kuchora ramani kabla ya kutoa amri. Kabla ya kupandikiza, kuhamisha, kufuta au kuunganisha, afisa na aulize: kitu hiki kinamgusa nani, na huyo anamgusa nani? Ramani hiyo mara nyingi haimo katika faili. Imo kichwani mwa mchungaji, mvuvi, mkunga na fundi wa zamu. Kuwauliza hao ni sehemu ya kazi, tena sehemu ya kwanza. Asiyewauliza akidhani anawafanyia hisani, ajue kwamba ni yeye aliyepungukiwa.

La pili ni kujenga macho ya wavu. Taarifa za kweli, zinazofika kwa wakati, zina thamani kuliko amri kali. Mtumishi anayeripoti kwamba hali ni shwari ili kumpendeza mkubwa wake ni sawa na ile kompyuta ya Ohio: anamfanya mwongozaji akae ametulia huku nyaya zikikatika. Na mkubwa anayemwadhibu mleta habari mbaya ameizima kengele kwa mkono wake mwenyewe.

La tatu ni kupanga mapema mahali pa kukatia. Gridi nzuri ina vifaa ambavyo, mwendo ukianza kushuka, hukata sehemu chache za watumiaji kwa makusudi ili nyingine zisalimike. Vivyo hivyo katika magonjwa, katika benki za takwimu na katika ugavi wa chakula: mtandao usio na mahali pa kujitenga huanguka wote kwa pamoja. Lakini mahali hapo pachaguliwe kwa haki na kwa uwazi, isije ikawa kila siku wanaokatwa ni wale wale wasio na sauti.

Na kwenu walimu. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule imjenge kijana mwenye akili ya kuuliza. Hapa pana uwanja mzuri wa kazi hiyo. Katika vitabu, samaki yumo katika somo la biolojia, bei ya samaki imo katika hesabu, ziwa limo katika jiografia na ushirika umo katika historia. Mwalimu mwenye kipande cha chaki aweza kuchora ubaoni sangara, furu, dagaa, kuni na mama anayebanika samaki, kisha akawataka wanafunzi wachore nyuzi. Halafu aulize: tukilishika fundo hili, nini kitatikisika? Somo hilo halihitaji maabara wala kompyuta. Mtoto aliyelizoea akiwa darasa la sita, akija kuwa afisa hatavuta wavu akiwa amefumba macho.

Tumbili wa Gitaru hakuwa na kosa. Alipanda paa, akateleza, akaanguka, kama tumbili wafanyavyo tangu kuumbwa. Mdharau mwiba mguu huota tende, nasi tusimdharau kwa udogo wake. Tumbili mwingine atapanda paa jingine, leo au kesho, awe mnyama, ugonjwa, ukame au amri iliyoandikwa kwa haraka. Kumzuia kila tumbili hatuwezi. Tunaloweza ni kuyajua mafundo yetu kabla hajaanguka.